Kamba ya Maalim Feruzi na Mguu wa Khalfan

Nimestaafu juzi tu. Viatu vyangu vya kazini bado viko mlangoni, na mke wangu huvipiga teke kila akipita. Nyinyi vijana wa ukumbi wa Ibra, huku Oman, mmeniomba niandike niliyoyaona miaka yote ya kutunza uwanja wa mpira wa kikapu na kukaa mezani kuandika pointi. Bas, naandika. Ya vyeo sitayaandika, maana vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kilichoongezewa kiti. Nitaandika ya kamba, ya kalamu, na ya swali aliloniuliza Kocha Mundhir mwezi wangu wa mwisho. Swali hilo limenikoroga kichwa mpaka leo:

"Ami Hafidh, hawa mabingwa wenu wa zamani wangeweza kucheza leo?"

Nilimjibu palepale, kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri, kwamba wangeweza na wangebaki na nafasi ya kupumzika. Sasa naomba niirudishe ile sauti. Lakini nianze mwanzo.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ufagio wa makuti ya mtende. Uwanja ulikuwa nje, nyuma ya nadi, yaani klabu yetu, sakafu ya saruji iliyomwagwa vipande vipande, na upepo wa Ibra ulikuwa ukituletea mchanga kila siku bila kuagizwa. Asubuhi ile peke yake nilifagia mchanga wa kutosha kujenga mji wa Sur wa pili. Nilipomaliza, akaja mzee mfupi mwenye kofia ya kazi nzuri, akauangalia uwanja, akaniangalia mimi, akasema, "Umefagia vizuri. Sasa fagia ule uliobaki." Huyo ndiye Maalim Feruzi.

Maalim alikuwa seremala Unguja kabla ya kuja huku na watu wake. Hapa nadi alikuwa kila kitu: alichora mistari, alirekebisha vikapu, alishika saa, aliandika pointi. Alinifundisha kwamba sindano ya bomba hulowanishwa kwa mate kabla ya kuingizwa kwenye mpira, la sivyo unaua mpira. Alinifundisha kuuachia mpira kutoka begani: ukirudi tumboni uko sawa, ukirudi kifuani utawavunja watoto wa watu vidole. Na alinifundisha daftari. "Kwa wino," alisema, "si kwa penseli. Na unaandika alichoonesha refa. Moyo wako unataka nini, hilo kamwambie mkeo." Sikuwa na mke wakati ule, nikamwambia. Akasema ndiyo maana moyo wangu una kelele.

Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kamba. Ilipokuja sheria ya pointi tatu, tukaambiwa tuchore mstari wa duara, mita sita na robo kutoka chini ya kitovu cha kikapu. Maalim akanunua kamba ya nailoni ya buluu kule Sur, akaazima tepu ya chuma skuli, akapima mara moja, akafunga fundo, akairudisha tepu. Tangu siku ile tepu haikuonekana tena uwanjani. Kamba ikatundikwa msumarini nyuma ya mlango wa stoo, na kila mwaka kabla ya msimu tunaishusha, maana jua na mchanga vilikuwa vikila rangi kama mchwa. Maalim anashika ncha moja palipoangukia timazi iliyoning'inizwa kikapuni, mimi naishika ya pili pamoja na brashi.

"Vuta!"

"Nimevuta, Maalim."

"Bado haijalia. Kamba isiyolia haijanyooka."

Basi navuta mpaka ilie ngwii kama uzi wa udi, ndipo ananiruhusu kuchora. Nimevuta kamba ile kwa nguvu ambazo, wallahi, zingelivuta gari lililozama kwenye mchanga wa wadi, mto mkavu. Na kila mwaka nikimaliza naona mstari mpya umekaa kidogo nje ya alama ya ule wa mwaka jana. Nikajua mkono wangu wa brashi una wasiwasi. Sikusema kitu. Fundi mgeni hasemi.

Maalim alipofariki, Mungu amrehemu, aliniachia ile kamba na kile kiti cha mezani. Mimi nikaendelea kuvuta.

Sasa Khalfan. Wazee wake walikuwa Bujumbura, na kikapu alijifunza huko skuli kabla hajarudi Oman, akiwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Nikisema huyu mtu alijua kutupa mpira, sijasema kitu. Akiruka, sisi mezani tulikuwa tunapata nafasi ya kunywa chai na kurudisha kikombe kabla hajashuka. Mpira wake ulikuwa haugusi chuma. Nyavu zilikuwa zikitikisika tu, shwaa, kama mtu anayefungua pazia. Niliwahi kuwaambia wachezaji wa siku hizi kwamba Khalfan alitupa vikapu arubaini mfululizo huku amefumba macho. Ilikuwa kumi na moja, na macho alifumba mwisho tu. Lakini nilikuwa nawapa moyo.

Kasoro yake ilikuwa moja: mguu wake wa kulia ulikuwa na tabia ya kuunusa mstari. Alipenda kusimama palepale ukingoni, kidole kinachungulia. Na mnajua sheria: kidole kikigusa mstari, mtupo ni pointi mbili, si tatu. Nilimwambia mara mia. Anacheka tu: "Hafidh yakhe, mstari wako unanifuata."

Nilidhani ni mzaha.

Wageni nao walikuwa na malalamiko yao. Timu kutoka Nizwa walituambia kwamba kwetu kwenye kona hapatupiki, kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa nje hapatoshi kuweka kiatu. Mimi niliwajibu kwamba wachezaji wao wana miguu mikubwa. Nikarudia jibu hilo miaka, na kila mara mezani watu walicheka, na kila mara niliwacheka wageni. Marefa walipima urefu wa kikapu, wakabonyeza mpira, wakala haluwa yetu. Mstari hakuna aliyeupima.

Ikaja mechi ya mwisho na watu wa Sur, alasiri moja ya baridi, hapo hapo kwetu. Uwanja ulijaa mpaka kuna watu walikaa juu ya ukuta na wengine juu ya hao. Tuko nyuma pointi mbili. Saa ya kubonyeza iko mkononi mwangu, kitufe chake kigumu nakisukuma kwa kidole gumba. Khalfan anapokea mpira juu ya duara, anaruka, anatupa, na mpira uko hewani muda unaisha. Shwaa. Nyavu.

Watu walishaingia uwanjani. Refa akasimama, akauangalia mguu pale ulipokuwa, akanigeukia mezani akaninyoshea vidole viwili. Kidole kiligusa. Pointi mbili, tumelingana, dakika tano za nyongeza.

Niliandika mbili. Kwa wino.

Katika dakika ya tatu ya zile tano, Khalfan alishuka vibaya, na goti lake likatoa mlio ambao tuliusikia mezani. Tulishindwa. Hilo si neno, Sur walikuwa wazuri na walistahiki. Lakini Khalfan hakucheza tena. Walimtibu kama watu walivyotibu magoti siku zile, yaani bandeji na dua. Akahamia Firq, pale nje ya Nizwa penye karakana, akafungua gereji. Tuliendelea kuonana harusini na misibani, naye anakuja akiuvuta ule mguu, na mimi namtania kwamba anachelewa kwa makusudi ili asisaidie kubeba vyungu.

Kipindi hicho ndipo nilipojiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Nilimaliza nikiwa na watoto wanne, na mkubwa wao ndiye aliyenisahihisha hesabu. Siku tuliyosoma duara, mwalimu aliuliza nani ana mfano wa maisha. Nikasimama. Nikaeleza kamba yangu, ncha moja kitovu, ncha ya pili ukingo. Darasa zima likanipigia makofi, na hakuna hata mmoja, mwalimu au mwanafunzi, aliyeuliza kamba yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani.

Miaka ikapita, tukapata ukumbi wa ndani, huu wenu, wenye sakafu ya mbao na mistari iliyochorwa na mashine. Mstari wa pointi tatu ulishasogezwa, sasa ni mita sita na sabiini na tano. Uwanja wa zamani ukawa maegesho ya magari. Kamba nikaichukua, nikaitundika kwenye stoo mpya kwa mapenzi tu.

Mwaka huu nadi ikaamua kutundika ubao wa majina matano ya wachezaji bora wa zama zote, na mimi, kwa kuwa madaftari yote ninayo, nikaambiwa nipendekeze. La kwanza nikaandika Khalfan. Kocha Mundhir, kijana mpole, mwenye adabu na Kiswahili cha kuokoteza, lakini ana tableti mkononi kama mtume ana kitabu, akaja kwenye meza yangu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Ami, usikasirike. Nimepata mkanda ya video ya zamani, ile mechi na Sur. Jamaa wameiingiza kwenye tableti. Njoo uone huyu mtu yako."

Tukakaa. Nikavaa miwani. Na hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza.

Khalfan wa kwenye mkanda alikuwa mfupi. Mimi nilimkumbuka mrefu kama nguzo ya simu. Alikuwa anadunda mpira kwa mkono wa kulia tu, akitaka kwenda kushoto anageuka mwili mzima kama lori. Mlinzi wake alikuwa amesimama mbali mita mbili, mikono chini, kama mtu anayengoja basi.

"Ami, mkono ya kushoto hana?" Mundhir akauliza.

"Anao. Anaulia chakula... la, anaushikia sahani."

"Leo hawezi kumaliza dakika nne, wallahi. Vijana yangu watamnyang'anya mpira kabla hajageuka."

"Vijana wako wanapiga hatua tatu kabla ya kutupa! Sisi tungewapigia filimbi mpaka mapafu yapasuke!"

"Sasa hiyo inaruhusiwa, Ami."

"Kwa hiyo Khalfan naye angeruhusiwa!"

"Lakini hakufundishwa."

"Angefundishwa!"

"Basi angekuwa mtu mwingine, si yeye."

Nina cheti cha masomo ya jioni, na hilo halikuwamo kwenye masomo. Ukimpa Khalfan kocha wa leo, daktari wa leo, viatu vya leo badala ya vile vya turubai vilivyokuwa vikifunguka midomo, je, ni Khalfan? Na ukimchukua kijana wa leo ukampa mchanga wetu na mpira wetu wa ngozi uliokunywa jasho mpaka ukawa mzito kama tikiti, ni yeye? Nilimwambia Mundhir asubiri nifikiri. Bado anasubiri.

Tukafika kwenye ule mtupo. Mundhir akausimamisha mkanda Khalfan akiwa na mguu chini, kidole juu ya mstari. Akainama, akasogeza uso karibu.

"Ami. Hii mstari iko mbali."

"Mbali na nini?"

"Mbali na kikapu. Hesabu hizi vipande za saruji. Huu si sita na robo."

Nikacheka. Nikamwambia mstari ule nimeuchora mimi kwa kamba ya Maalim Feruzi. Yeye hakucheka. Akachukua tepu ya chuma, tukatoka nje mchana kweupe, tukawaomba watu wawili waondoe magari yao. Saruji bado ipo. Na chini ya mafuta na alama za tairi, jamani, mistari yangu ipo: mabaki ya rangi, mstari nje ya mstari nje ya mstari, saba nilivyohesabu, kama mtu aliyetupa jiwe majini. Ile niliyodhani ni wasiwasi wa brashi.

Mundhir akapima wa ndani kabisa. Mita sita na robo, barabara, kazi ya Maalim na tepu ya kuazima. Akapima wa nje kabisa, ule wa mwaka wa mechi ya Sur, ambao baadaye niliupaka rangi juu yake tu. Mita sita na tisini.

Nikaileta kamba. Nikaivuta mpaka ikalia. Ikafika palepale.

Nailoni inanyumbuka. Kila mtu anajua. Mtoto anajua. Mimi niliivuta kwa nguvu zangu zote kila mwaka ili iwe sawa, na kadiri nilivyojitahidi iwe sawa ndivyo ilivyozidi kwenda kombo.

Mundhir alikunja tepu kwa heshima, kisha akasema polepole, "Ami, huyu alikuwa akitupa kutoka mbali kuliko vijana yangu. Na mpira ya ngozi." Sasa yeye naye amechanganyikiwa, tukawa wawili. Lakini mimi nilikuwa sifikirii vijana wake. Nilikuwa nafikiria vidole viwili vya refa. Mstari ungekuwa mahali pake, mguu ule ungekuwa nje zaidi ya nusu mita. Pointi tatu. Mechi imekwisha, tumeshinda kwa moja, hakuna dakika za nyongeza, na Khalfan anakwenda nyumbani kwa magoti yake mawili.

Sikulala vizuri siku mbili. Mke wangu akaniambia, "Nenda kamwambie, ama nitakwenda mimi." Nikaenda Firq. Kutoka Ibra watu hutumia saa moja na nusu na kidogo. Mimi nilitumia tatu, nilisimama kunywa chai kila mahali penye birika.

Nilimkuta Khalfan gerejini, mafundi wamekwenda kusali adhuhuri, yeye ameshasali na amekaa juu ya tairi. Nikampa salamu, akaniambia nimenenepa, nikamwambia yeye amezeeka, mambo yakawa sawa. Kisha nikatoa kamba kwenye mfuko.

"Hii ya Maalim?" akasema. "Bado ipo?"

Nikamweleza yote. Sikutia chumvi, na hilo lenyewe lilimtia wasiwasi, maana alinitazama kama mgonjwa. Nilipofika kwenye sita na tisini akanyanyua mkono.

"Chora."

Tukachora hapo hapo kwenye sakafu ya gereji kwa chaki ya kuandikia tairi. Jeki tukaiweka iwe kikapu. Nikapima kwa tepu mstari wa sita na robo, ule uliotakiwa. Akauliza, "Na watoto wa siku hizi?" Nikachora wa sita na sabiini na tano. Kisha nikavuta kamba mpaka ikalia, nikachora wangu, nje ya yote.

Khalfan akasimama kwa kujishika kwenye gari. Akavuka mistari mmoja mmoja akiuvuta mguu, akasimama kwenye wa mwisho, kidole juu ya chaki. Akaangalia jeki muda mrefu.

"Kwa hivyo ilikuwa tatu."

"Ilikuwa tatu, Khalfan. Na goti lako..."

"Goti langu nalijua." Akalisugua kidogo. "Sur nao walitupa za pointi tatu siku ile. Ngapi?"

Daftari nililichukua, lilikuwa mkobani. "Nne."

"Kutoka nje ya mstari huu huu?"

"Huu huu."

"Basi nao walikuwa hatari, wale." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mwisho. "Umekuja na kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaifungua, nakwambieni kweli. Nilitaka kukata ile mbili na kuandika tatu, baada ya miaka yote, mbele yake, kwa wino.

"Rudisha mfukoni," akasema. "Mstari ulikuwa pale, kila mtu aliuona, na mimi nikaukanyaga. Iache mbili."

"Lakini mimi ndiye niliyeuweka..."

"Hafidh! Iache mbili. Usiniharibie mechi niliyocheza."

Nikamuuliza jambo ambalo Mundhir aliniuliza mimi: je, angeweza kucheza leo? Alifikiri. Akasema kwa mkono wa kushoto ule, hapana. Akasema tena kwa mstari wa siku hizi, ulio karibu vile, labda. Kisha akasema goti linamuuma, twende tukale. Tulikula wali na papa, na hatukulizungumza tena. Jina lake liko ubaoni ukumbini, la kwanza. Mundhir mwenyewe ndiye aliyelipigilia msumari, akalipima kwa tepu lisikae kombo.

Kwa hiyo wanangu, mnaoshika brashi na kalamu baada yangu, swali la mabingwa wa zamani sina jibu lake, na anayewaambia analo muulizeni alitumia kamba gani. Tepu ya chuma iko droo ya kwanza. Pimeni kila msimu. Mgeni akilalamika kuhusu kona, msimcheke, pigeni magoti mkapime.

Nilipoagana na Khalfan siku ile, tuliporudi gerejini, niliingia garini nikaliwasha, nikaangalia kioo cha nyuma ili nitoke. Khalfan alikuwa amerudi kwenye mistari ya chaki peke yake. Alisimama kwenye wa mwisho, akauangalia mguu wake, akaurudisha nyuma shibiri moja. Akakunja lile goti kadiri linavyokunjika, akanyanyua mikono mitupu, akatupa.

Nilifunga breki nikageuka niangalie vizuri, kama nilivyofundishwa. Kidole hakikugusa.